Miji Mitatu na Sanduku Moja

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi. Nalisema mapema ili msipoteze muda kumtafuta kati ya hawa wengine nitakaowataja.

Mlionisoma wiki jana mliniacha nimeketi kwenye ngazi za posta, pasipoti mkononi, nikilia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Haikuwa huzuni. Wakala wa kwanza alikuwa ametoweka na ng'ombe wa baba. Wa pili alinipeleka kwenye mahojiano ambayo hayakuwepo. Mbuzi wa jirani akatafuna cheti changu cha kuzaliwa. Na baada ya yote hayo, viza ya Amerika ikatoka. Mimi, Wechuli, muuza viatu vya mitumba wa soko la Kibuye!

Rafiki yangu wa damu ni Griffin. Ni shemeji yangu vilevile, kaka ya mke wangu Nelima, lakini urafiki ndio uliotangulia. Nelima nilimpata kwa sababu ya kwenda kwao mara nyingi kula.

Kaka yao mkubwa anaitwa Brandon. Ni nesi huko Kansas, mwaka wa tisa sasa. Ndiye aliyepiga simu Jumatano, Griffin akaiweka kwa spika.

"Sikizeni. Nimepewa likizo ya siku kumi. Miaka tisa nimeona wodi na kochi, kochi na wodi. Hapa ninapokaa saa mbili usiku hata mbwa wamelala. Nataka usiku, mnanielewa? Muziki, watu, chakula cha barabarani. Nitakata tiketi ya Griffin na ya mtu mwingine mmoja. Kazi yenu ni kuchagua miji mitatu."

"Huyo mtu mwingine ni mimi," nikasema, hata kabla Griffin hajapumua.

"Ni yeyote mwenye viza, na atakayekuwa macho. Sitaki mtu wa kuja huku kulala. Orodha niipate Jumapili kabla ya saa kumi na mbili jioni, saa za Kisumu. Ikipita hapo bosi wangu ananipangia zamu, na likizo imekufa."

Siku hiyo nyumbani sikutembea, nilielea. Nelima aliniuliza akiwa anachagua mchele, "Mnakwenda miji gani?"

"Ah, mama, hayo ni mambo ya usiku wa Amerika," nikamjibu. "Wewe hutayajua."

Aliendelea kuchagua mchele.

Basi Jumapili ikafika. Jumapili ndiyo siku Kibuye hufurika mpaka mtu anakanyaga kivuli chake mwenyewe, lakini mimi kibanda nilimwachia jirani yangu Mark. Nelima alikuwa kanisani na kina mama wenzake. Mimi na Griffin tukaketi uani, kwenye ploti yetu ya Manyatta: karatasi moja, kalamu moja, na simu ya Griffin yenye kioo kilichopasuka.

"Las Vegas," nikaanza. "Andika ya kwanza, tena kwa herufi kubwa."

"Jangwa hilo."

"Taa, Griffin! Taa mpaka mtu anasahau jua lilikuwa la nini."

"Wewe tangu Januari unalala sakafuni kwa sababu ya joto la Kisumu. Sasa unataka kupanda ndege ufuate joto lingine?"

"La huko lina AC."

Akaiandika huku akiguna. Halafu yeye akatoa yake. "Miami. Bahari, mchanga, ngoma mpaka asubuhi."

"Bichi? Umezaliwa na ziwa mlangoni, bado unakimbilia maji?"

"Ziwa limejaa magugu, shem. Mara ya mwisho nilipoogelea Dunga nilitoka nimevaa sweta ya kijani."

Nilicheka mpaka kalamu ikanitoka mkononi. Miami ikaandikwa.

Ukabaki mji mmoja. Chicago tuliikataa kwa sababu ya baridi. New York niliikataa mimi, maana kila mtu aliyewahi kufika Amerika amepigwa picha pale, na mimi sitaki kuonekana nimekopi. Nashville tukaambiwa na simu kwamba ni gitaa, kofia pana na nyimbo za mtu aliyeachwa na mke.

"Hizo nyimbo nasikiza bure kwa wanywaji wa hapa nyuma," Griffin akasema. Akavuta simu karibu na pua. "Na hii New Orleans? Wanasema bendi zinatembea barabarani na watu wanazifuata nyuma."

Nikamnyang'anya kalamu. "Huko ndiko Nelima alikwenda mwaka juzi na wenzake, kina mama wauza samaki. Wiki nzima ya semina ya kukausha samaki! Mji wa semina una usiku gani?"

"Kwani alisemaje aliporudi?"

"Aseme nini? Alirudi, tukala, tukalala. Alileta raba jozi tatu. Nikaziuza kabla ya Jumatano."

Nikaikata New Orleans kwa mistari miwili, ili isifufuke.

"Lakini shem," Griffin akasema, sasa ananichungulia kwa jicho moja, "tuongee ukweli. Wewe ukiona saa tatu usiku unakoroma. Harusi ya Mark ulikuwa emsii, ukalala umesimama, na maikrofoni mkononi. Ukumbi mzima ulisikiliza mkoromo wako dakika tano wakidhani ni maombi."

"Nilikuwa nimeamka alfajiri kupokea mzigo!"

"Na Las Vegas utaamka saa ngapi?"

Mtu mwenye viza hajibu kila swali. Niliinuka, nikaingia ndani kulishusha sanduku.

Lilikuwa la Nelima, lile jeusi la magurudumu alilokwenda nalo kwenye semina yake. Tangu arudi lilikaa juu ya kabati likikusanya vumbi. Nilipolifungua likanipiga kwa harufu ya naftalini na omena, dagaa wetu wa ziwani. Nikaona nilianike kidogo ukutani lipate hewa.

"Wechuli!" Griffin akaruka. "Rudisha hilo sanduku ndani! Mtu akiliona tumekwisha."

"Nani ataliona? Watu wako kanisani."

Hapo ndipo ujinga wangu ulipovaa suti na tai. Maana huku kwetu harusi hutangazwa kanisani, kifo hutangazwa redioni, na safari ya Amerika hutangazwa na sanduku lililoanikwa juani.

Hazikupita dakika kumi, Mama Metrine wa nyumba ya tatu akatokea na mkebe.

"Wechuli mwanangu, kumbe unavuka maji na huniambii?"

"Ni safari fupi tu, mama."

"Fupi au ndefu, mtoto wangu yuko Dallas, na miaka minne hajaonja omena ya kwetu." Akauweka mkebe mapajani mwangu. "Utampa mkononi. Usimwachie mtu mlangoni."

"Mama, sisi tunakwenda Las Vegas."

"Dallas na hiyo Las Vegas ni mbali?"

"Ni kama utoke hapa mpaka Lamu, halafu urudi."

"Basi una bahati. Mimi singekuwa na miguu ya kufika huko." Akachukua kalamu, akaandika DALLAS juu kabisa ya karatasi yetu, akapulizia wino ukauke.

Griffin alinitazama. Nikamtazama. Utamwambia nini mama wa mtu? Mzigo wa mama kwa mwanawe haukataliwi. Ukiukataa leo, siku ukiwa na msiba utajipikia chai mwenyewe.

Hajakaa sawa, Bi Rehma wa dukani akaingia, nyuma yake mkokoteni. Juu ya mkokoteni, gunia la mchele wa Ahero.

"Assalaam, Bwana Wechuli. Safa wangu yuko Minneapolis. Analalamika mchele wa huko hauna harufu."

"Bi Rehma, gunia zima?"

"Nusu gunia. Nilijua una nafasi ndogo."

MINNEAPOLIS ikaandikwa.

Wa tatu alikuwa Mzee Walubengo, aliyeendesha malori ya miwa Muhoroni hadi akastaafu. Yeye hana haraka na neno lolote. Aliketi, akanywa maji, akauliza habari za baba, akauliza habari za ng'ombe wa baba, nikamwambia aliliwa na wakala, akasikitika. Kisha akafungua koti na kutoa matofali manne ya sukari nguru.

"Mpwa wangu," akasema. "Baltimore. Mwambie ni ya miwa ile ya kule kwetu, atalia."

Aliandika polepole kama mtu anayechonga jiwe. Alipomaliza nikaichukua karatasi, nikaisoma, nikamgeukia Griffin.

"Dallas, Minneapolis, Baltimore," nikasema. "Hongera, shem. Miji mitatu imepatikana."

"Na usiku wake?"

"Usiku wake tutalala kwenye makochi ya watu, tukiulizwa mahindi yameendeleaje."

Ilikuwa saa kumi na nusu. Tulicheka kile kicheko cha mtu ambaye gari lake linarudi nyuma mlimani lenyewe. Las Vegas na Miami zilikuwa zimebanwa chini ya karatasi kama abiria wasio na nauli. Na hakuna mgeni hata mmoja aliyeondoka. Wote watatu walikaa kuhakikisha mizigo yao inaingia sandukuni kwa macho yao.

Basi nikaanza kupakia. Mkebe wa omena, sawa. Nguru nne, sawa. Mchele ukagoma.

"Toa kile kitambaa cha ndani," Bi Rehma akanielekeza. "Kuna mfuko huko nyuma, naona umevimba."

Nikavuta zipu ya mfuko ambao sikuwahi kujua upo. Nikaingiza mkono.

Zikamwagika shanga. Shanga za plastiki, ndefu, za zambarau na kijani na dhahabu, mikufu kwa mikufu, zikateleza juu ya mchele na kuanguka uani zikilia cha-cha-cha. Nyuma yake ikaanguka picha.

Mama Metrine ndiye aliyeiokota. Akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena.

"Uwi! Si huyu ni Nelima?"

Alikuwa Nelima. Mke wangu, ndani ya kitenge chake cha kanisani, katikati ya barabara, taa kila upande. Kichwa amekirusha nyuma, mdomo wazi anacheka. Mkono mmoja kiunoni, mkono mwingine umeinua mwavuli mdogo wenye nyuzi nyuzi, na mvua hakuna. Nyuma yake jamaa mnene amevimbisha mashavu kwenye tarumbeta. Nikaigeuza picha. Kwa mwandiko wake mwenyewe ulionyooka: *New Orleans, saa tisa usiku.*

"Mashallah," Bi Rehma akasema. "Amechangamka."

"Saa tisa usiku," Mzee Walubengo akarudia taratibu, kama anapima lori.

Griffin alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko, machozi yanamtoka.

Nelima aliingia saa kumi na moja na robo, kitambaa cheupe cha umoja wa kina mama kichwani. Alitazama sanduku lake, mchele, wageni, shanga. Mwisho akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama katikati ya ua, picha nimeiinua juu kama refa mwenye kadi nyekundu.

"Nelima, hii ni nini?"

"Picha."

"Najua ni picha! Uliniambia ni semina ya kukausha samaki!"

"Ilikuwa semina ya kukausha samaki. Ilikuwa ikiisha saa kumi jioni. Baada ya hapo ulitaka tukaushe nini?"

Mama Metrine akapiga makofi. Nikamtupia jicho, akaendelea kupiga.

"Na huyu mwanamume wa nyuma yako ni nani?"

"Hujaona ameshika tarumbeta? Ni mpiga tarumbeta."

"Unamjua?"

"Huko hakuna wanaojuana, Wechuli." Akavuta kigoda, akaketi, akaanza kukusanya shanga zake moja moja, na sauti yake ikabadilika. Ilishuka, ikapata joto. "Bendi inatokea tu kwenye kona. Watu kumi, kumi na watano, tarumbeta na vyombo vya shaba tupu. Inapita, na wewe unajikuta nyuma yake. Mtu anakupa mwavuli, unacheza nao, unampa mwingine. Sisi kina mama wa samaki tulikuwa sita. Tulifuata mpaka viatu nikavivua. Ni kama ngoma yetu ya isukuti ya kumzika mzee aliyekula chumvi nyingi, isipokuwa hakuna aliyekufa."

"Eh!" Mzee Walubengo akasema, na mguu wake mmoja ukagonga chini wenyewe.

"Na chakula?" Bi Rehma akauliza.

"Mama mmoja ana jiko lake kando ya barabara. Wali na maharagwe mekundu, saa nane za usiku. Siku ya tatu alikuwa ananiita kwa jina. Nikamfundisha salamu yetu ya mulembe."

Kumbe Griffin alipokuwa anafuta machozi simu ilikuwa imeita, naye ameipokea. Uso wa Brandon ulikuwa kwenye kile kioo kilichopasuka, umegawanyika mara tatu. Kwao ilikuwa asubuhi. Alikuwa na mswaki mdomoni na hausugui.

"Nani huyo anaongea?"

"Ni Nelima, kaka," Griffin akasema.

"Nelima, usinyamaze. Miaka tisa niko nchi hii na hakuna mtu ameniambia habari kama hizi. Mji wa pili ni upi? Na wa tatu?"

"Wa pili wa nini?" Nelima akauliza. "Una siku kumi. Ukizigawa kwa miji mitatu utakachoona ni viwanja vya ndege. Usiku haukimbizwi. Kaa mahali pamoja mpaka muuza chakula akujue jina."

"Na Baltimore?" Mzee Walubengo akaingilia.

"Mzee, posta ipo. Nguru haiozi."

Wakacheka wote, hata yeye. Mimi nilicheka nao. Mimi ndivyo nilivyo, hata nikiliwa na mamba nitataka kujua ameionaje ladha yangu. Mji mmoja? Sawa! Siku kumi za shaba na wali? Sawa kabisa! Nilikuwa nimeshaanza kuinua mwavuli usiokuwepo, nikizunguka uani kwa mguu mmoja.

"Basi nimekata shauri," Brandon akasema. "New Orleans. Nelima, ile viza yako ya semina ilikuwa ya muda gani?"

"Miaka mitano," Nelima akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye shanga. "Nimeitumia wiki moja."

Nikasimama kwa ule ule mguu mmoja.

Hata kuku wa Mama Metrine walionekana wanangoja.

"Griffin," Brandon akasema. "Saa kwenu ni ngapi?"

"Saa kumi na mbili kasoro dakika tisa, kaka."

"Jina lako ninalo. Jina la pili niandike la nani?"

Griffin, rafiki yangu wa damu, tuliyegawana chapati na surua, akainama akaanza kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa malapa.

"Yangu!" nikapiga kelele. "Andika Wechuli! Brandon, viza hii nimeitafuta mpaka nimeliwa na mbuzi! Ng'ombe wa baba amekwenda! Griffin, sema kitu!"

"Shem," Griffin akayaambia malapa, "kaka alisema mtu atakayekuwa macho."

"Nitanywa kahawa!"

"Kwa harusi ya Mark ulikunywa vikombe sita."

Nikamgeukia mke wangu. Sasa utani ulikuwa umeniisha. Nilipiga magoti pale kwenye mchele wa Bi Rehma, ukanichoma.

"Nelima. Mama. Mimi si mtu mbaya. Kama ningejua, hii orodha tungeiandika wote wawili tangu Jumatano. Lakini miaka miwili! Miaka miwili tunalala kitanda kimoja, tunakula sahani moja, na hadithi nzuri kama hii umeificha kwenye mfuko wa sanduku! Haki ni hiyo? Nijibu mbele ya hawa wazee. Kwa nini ulirudi na hukuniambia?"

Nelima alimaliza kuokota shanga ya mwisho. Akavaa mkufu mmoja, ule wa zambarau, akaunyoosha juu ya kitambaa cheupe cha kanisa.

"Wechuli," akasema, "nilirudi na mdomo na sanduku. Wewe ulifungua sanduku."